Maharage ya Bukuru

Rumonge, pwani ya Urundi

Kwa mama yangu, Bibi Faida, Ujiji.

Nashika miguu yako Mama, ingawa ziwa liko katikati na mikono yangu haifiki. U hali gani? Kifua kimepoa? Dada Mwajuma alinitumia salamu kwamba unakohoa asubuhi. Kunywa mchaichai, tena usilale na dirisha wazi kwa ajili ya yule paka. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mkamwana wako Zuhura amejifungua salama, mtoto wa kike, tumemwita Salma. Ananyonya vizuri na kulia analia vizuri zaidi. Hilo ndilo jema nililo nalo, lishike, maana yaliyobaki yote ni ya kutia tumbo joto.

Sudi, yule mtu wa mashua za chumvi, atakupa kikapu kilichoshonwa mdomo. Usikifungue mpaka barua iishe. Najua utakifungua, lakini nakuomba. Na barua hii asikusomee mwalimu wala jirani. Mwajuma mwenyewe akusomee, na mlango ufungwe.

Nianze na ng'ombe. Salma alipozaliwa, mutware wa Kizuka, yule mkuu anayeshika vilima vya juu yetu kwa jina la mfalme wao, Mwami, alishuka na watu wake kunipa hongera. Tangu nije huku nimefanya naye biashara, mawese yake nanunua mimi na chumvi yangu inaliwa kwake. Alikaa barazani kwangu, akamtazama mtoto, akasema, "Hemedi, nakupa ngombe." Wakaleta mtamba mwekundu, pembe ndizo kwanza zinaota. Nilifurahi mno. Nikapiga makofi polepole mbele yake, kama nilivyoona watu wa huku wanavyofanya, nikapokea kamba kwa mikono miwili, nikasema urakoze, ndiyo asante kwa Kirundi chao. Watu wake wakashangilia. Nilijiona mtu anayejua adabu za kila mahali.

Siku ya saba tulimchinja akika.

Najua hapo umeshika kichwa. Ngoja, bado. Mbuzi nilikuwa naye, Mungu shahidi, lakini wageni walikuwa wengi, na Mzee Seif, mkubwa wa Waarabu wa hapa, alisema ng'ombe ndiye mwenye heshima. Yeye mwenyewe alisoma bismillahi. Nyama tukagawa mji mzima. Na kwa kuwa ulinilea nisimsahau aliyenitendea wema, nilichagua paja lililonona, nikaliweka juu ya sinia, nikalifunika kitambaa cheupe, nikampelekea mutware.

Nilimpelekea paja la ng'ombe wake, Mama. Aliyelibeba sinia alirudi amelikumbatia, nyama vilevile, kitambaa hakijafunuliwa, na yeye hana rangi usoni.

Sasa nimefundishwa, maana kila mtu wa mji huu amekuwa mwalimu wangu. Ng'ombe akitolewa hivyo huku si kitoweo. Anayempokea anakuwa mtu wa aliyemtoa. Anamfuata, anamlimia, anasimama nyuma yake akigombana na wengine, na ng'ombe mwenyewe anatunzwa kuliko mtoto. Makofi yale niliyopiga ndiyo yalikuwa kukubali kwangu. Halafu nikachukua kisu. Mtamba ambaye hajazaa hata mara moja. Hata watu wanaonipenda, wakifika hapo, wanatazama pembeni.

Wewe ulijua haya. Ulizaliwa vilima hivi. Hilo tu ndilo uliloniambia, "mimi mtu wa Urundi," basi, ukarudi kwenye ungo wako. Ulinifundisha kusali, kupima chumvi bila kuonea mtu, hata kuoga bila kumaliza maji. La ng'ombe hukunifundisha. Sikulaumu. Au nakulaumu kidogo, kwa sababu nina hofu, na mtu mwenye hofu hutafuta wa kumlaumu.

Mutware hakuja kunigombeza. Afadhali angekuja. Alipeleka mashtaka boma la Wadachi huko Usumbura.

Na wakati wenyewe ni mbaya. Bwana mkubwa wa boma anataka Rumonge iwe na mkubwa mmoja wa kumjibu kuhusu kodi, barabara na magomvi ya watu. Mutware anasema nchi ni ya Mwami, na yeyote mwenye damu ya Kirundi ni mtu wa Mwami, hata avae kanzu na kilemba. Mzee Seif anasema mtoto hufuata baba, baba zetu walikuwa Waarabu, kwa hiyo mji ni wa Waarabu. Sisi machotara ni nusu ya mji. Kila upande unatuhesabu sisi ili uonekane mkubwa, na kutuuliza hakuna anayetuuliza. Kabla ya mambo ya ng'ombe, Mzee Seif alikuwa amelitaja jina langu boma kwa ukubwa huo. Baba Mwarabu anayejulikana, mama mtu wa huku. Mtu wa pande mbili, alisema, atasikilizwa pande mbili. Kichwa kilinivimba, sitakuficha. Nilishona kanzu mpya.

Ila sheria ya Wadachi ni hii: Mwarabu hapigwi kiboko. Akikosa, analipa. Mwenyeji akikosa, analazwa chini mbele ya watu, hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Kwa hiyo ukimwuliza mtu wa hapa yeye ni nani, si mazungumzo ya kahawa.

Bwana mkubwa akaja na mashua yake, askari mbele, meza nyuma. Tulikusanywa sokoni, chini ya lile paa la wauza ndagala, dagaa wetu wa ziwa. Akachukua fimbo akachora mstari mchangani, Waarabu huku, wenyeji kule. Ungecheka kama isingekuwa ya kulia. Kuna ndugu wawili hapa, mafundi wa mitumbwi, baba mmoja na mama mmoja. Mwenye nywele za mawimbi akawekwa huku, mwenye nywele kama zangu kule. Mdogo alidhani ni mzaha, akavuka amfuate kaka yake. Askari akamrudisha kwa kitako cha bunduki. Tangu hapo hakuna aliyecheka.

Nilipofika mbele, bwana alinitazama uso, akanitazama mikono, akarudi usoni, kama mtu anayenunua kitambaa asichoamini rangi yake. Mkalimani, mtu wa Tanga mwenye kofia iliyomzidi kichwa, akasema, "Bwana anauliza, wewe ni kitu gani?" Nikajibu mimi ni mwuza chumvi. Sikuwa nafanya mzaha, Mama. Ndilo jibu lililokuwa karibu.

Mutware akasimama. Kiswahili chake unakijua kilivyo, ni cha watu wa huku, lakini kinafika. "Huyu iko mutu wangu," akasema. "Nilimupa ngombe, akapiga mikono. Mama yake iko wa kwetu. Ngombe yangu amekula na musikiti muzima, halafu ananiletea mguu."

Mzee Seif akainuka upesi. Akasema ng'ombe atalipwa, hata wawili, hayo yalikuwa makosa ya kutojua. Lakini huyu ni Mwarabu, na mama yake alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, alikufa zamani. Alikuua, Mama, kwa kunipenda. Akanitolea macho ninyamaze, nami nikanyamaza.

Mutware hakubishana. Alinyoosha mkono tu, watu wakapisha njia, akaja mama mmoja amejifunga nguo ya gome, kifimbo mkononi, anatembea kwa kuutupa mguu wa kulia kidogo.

Ulikuwa wewe.

Usimwambie Mwajuma asome tena, amesoma sawa. Ulikuwa wewe, paji lako, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, kidevu chako kile unachokiinua mtu akikudanganya bei. Nilikwisha mwendea hatua mbili kabla sijajua ninakwenda. Mdomo wangu ulifanya "Mama." Wapo hapa watu wa mashua wanaokujua Ujiji, na nilimwona Sudi akishika ndevu zake.

Bwana akauliza kama namjua. Nikasema, "Sijawahi kumwona." Ilikuwa kweli, na bado naiona aibu yake. Yule mama akatikisa kichwa kukubali, akasema kwa Kirundi, "Ni kweli, hajaniona bado." Hakunikasirikia hata kidogo. Angenikasirikia ningelala.

Bwana alikuwa na haraka ya kwenda kusini, Nyanza, ana shauri lingine huko. Akasema akirudi ataniuliza swali moja, nami nitaapa kwa msahafu mbele ya watu wote. Huyu ni ndugu ya mama yangu au si ndugu? Nikisema si ndugu, mimi ni Mwarabu, nitalipa ng'ombe na nitawekwa mkubwa wa mji. Nikisema ni ndugu, mimi ni mwenyeji, mtu wa mutware mimi na watoto wangu, na nitapata hamsa ishirini zangu kwa ajili ya ng'ombe. Mkalimani ndiye aliyesema "zangu," kana kwamba ziliwekwa akiba kwa jina langu.

Kesho yake nilipanda Kizuka kwa yule mama. Zuhura hakutaka. Mzee Seif hakutaka kabisa, alisema mtu akiniona nikipanda nimekwisha kuapa kwa miguu. Nilipanda mchana, watu wanaona, nikipita katikati ya michikichi na mihogo. Nilimkuta anapalilia. Aliweka jembe, akanipa kigoda, akakaa chini yeye. Akasema, "Amahoro, mwananje," yaani amani, mwanangu. Kisha akauliza jambo la kwanza, "Bado anaogopa kuku?"

Mama, miaka yote hiyo nilidhani kuku huwataki kwa ajili ya uchafu.

Nikamwambia, bado. Akacheka, na akicheka anaziba mdomo kwa mkono wa kushoto. Hapo nililia. Mwanamume mzima, baba wa mtoto, nimekaa kwenye kigoda cha mtu nalia na kofia mkononi. Akaniacha mpaka nikamaliza.

Alisema jina lako ni Bukuru, na yeye Butoyi. Hayo majina, alisema, wanapewa mapacha na hayabadilishwi na mtu, wewe ulitangulia yeye akafuata. Mimi nimekaa tumboni mwako, nimekula mkononi mwako, na jina lako nimelijua kwa mtu mwingine nikiwa na mvi ndevuni. Faida. Sasa kila nikilisema jina hilo nasikia mtu anayehesabu bidhaa.

Alisema mlikuwa hamwachani. Siku wakamata watumwa walipokuchukua mlikuwa mshuke wote wawili ziwani kuteka maji, ila yeye alikuwa na mwiba mguuni, ukashuka peke yako. Mguu ule ndio anaoutupa mpaka leo. Akasema mwiba ulikwisha toka zamani, mguu umekataa kusahau. Nilimwambia una nyumba nzuri, una paa la mabati mbele, wajukuu wanakuzunguka. Akasema, "Najua. Ungekufa, ningejua."

Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Kuna shamba la maharage, la kawaida tu, lakini katikati limekatwa na mtaro. Huku lake, huku lako. Mapacha, alisema, wakipewa hupewa sawa, akipewa mmoja na mwenzie akikosa, ugonjwa unaingia ndani. Kwa hiyo baba yenu aliendelea kukutengea, na alipokufa baba, Butoyi akaendelea. Kila msimu analima upande wako. Anavuna, anaweka mbegu mbali, ya kula anawagawia wapita njia kwa jina lako, wala hayaonji. Wanawe wamempigia kelele kwamba ardhi inapotea bure. Mutware mwenyewe alitaka kumpa mtu mwingine kile kipande, akamwambia, "Mwenyewe hajafa, ameshuka ziwani."

Nilipotaka kuondoka alinishika kanzu. Akasema nimkane. Alisema hivyo waziwazi, Mama, si mimi ninayejipa ruhusa. "Useme hunijui. Dada nimeishi bila yeye, na mtoto wa dada naweza kuishi bila yeye. Mgongo wako siutaki upasuliwe kwa ajili yangu." Nikamwuliza kama mutware alimlazimisha kuja sokoni. Akasema hakuna wa kumlazimisha. Aliambiwa kuna mtu ana uso wa Bukuru, akaja kuangalia.

Basi ndivyo nilivyo. Mzee Seif anakuja kila asubuhi, ananywa kahawa yangu, ananieleza. Wala si mtu mbaya, na anachosema si uongo. "Ukianguka upande ule," anasema, "nusu ya mji inaanguka nawe. Wewe baba yako tulimzika sisi, na bado wakikuhesabu mwenyeji, atabaki nani? Machotara wote wa Rumonge wataulizwa mama zao." Wale ndugu mafundi wa mitumbwi nao walikuja, yule wa huku na yule wa kule, wakakaa mkeka mmoja, wakaniomba niape ninavyotakiwa, kwa sababu nikipita mimi wataweza kupita na wao. Hawa nao nitawajibu nini? Zuhura hasemi mengi. Alinipakatisha mtoto akaniuliza, "Huyu utamweka upande gani wa fimbo?" Akaenda jikoni. Tangu siku hiyo ananipikia vizuri mno, na hilo linanitisha.

Kiboko nakiogopa, nisijifanye shujaa. Nilimwona mpiga kasia mmoja akipigwa Usumbura, alianza kwa kuwatukana, akaishia kumwita mama yake. Naogopa kulala mchangani mbele ya wateja wangu. Naogopa Salma akikua aambiwe baba yake alipigwa hapa, pale pale anaponunua ndagala. Naogopa kuwa mtu wa mutware na kulima mashamba yake na mikono hii ya chumvi. Lakini ninachokiogopa zaidi ni msahafu. Nitaweka mkono juu yake, nitainua macho, na uso utakaokuwa mbele yangu ni wako. Nitamtazama usoni nimwambie bwana, huyu si kitu kwangu? Kwa uso ule ule uliokuwa unaniamsha alfajiri?

Nimeamua kusema ni ndugu. Niliamua jana, na leo asubuhi nimeamua tena, na hilo ndilo linalonitisha, maana jambo lililokwisha amuliwa haliamuliwi kila asubuhi.

Wewe usije. Najua sasa hivi unatafuta kanga ya safari. Usije mpaka nikuite. Mzee Seif amesema wewe ni maiti, na mutware anasema kila wa Kizuka ni wake. Ukitokea katikati yao hapa watakugombania kama walivyonigombania mimi, na wewe umekwisha kugombaniwa mara moja maishani, yatosha. Mama mdogo Butoyi anasema hivyo hivyo. Anasema amengoja, na kungoja amezoea.

Nisalimie dada Mwajuma, msomaji wangu, asilie juu ya karatasi. Nisalimie mumewe fundi wa kofia, ile aliyonishonea bado naivaa Ijumaa. Nisalimie mwalimu wa chuo aliyenitwanga vidole mpaka nikajua kuandika, mwambie bakora zake zimefaa. Nisalimie jirani yetu mpika vitumbua, na wajukuu zako wote kwa majina yao. Zuhura anashika miguu yako, na Salma angeshika kama angejua miguu ni nini.

Bwana mkubwa atarudi kabla barua hii haijakufikia. Unaposomewa haya, jibu langu limekwisha toka mdomoni, na habari za Rumonge hufika Ujiji kwa mdomo wa watu kabla ya karatasi. Sasa fungua kikapu. Ni maharage ya upande wako wa mtaro, ya msimu huu, amekuchambulia mwenyewe. Yaweke. Ukisikia mwanao amewekwa mkubwa wa mji, usipige vigelegele wala usitoe sadaka; mrudishie Sudi kikapu hicho kama kilivyo, maana mtoto wako atakuwa amekukana mbele ya watu. Lakini ukisikia nimelazwa chini sokoni nikapigwa, usilie, Mama. Washa moto, uyapike, ule mpaka ushibe.

Mimi mwanao,
Hemedi wa Bukuru